Kundi Rafiki kwa Mabinti Wenye Usonji: Mwongozo kwa Parokia na Jumuiya za Kiseke

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hakosekani binti anayesifiwa kwa upole. Haongei sana, hasumbui mtu, hukaa karibu na mama yake wakati wa sala, na ibada ikiisha hutoka haraka kabla wenzake hawajaanza mazungumzo. Wengine husema ana aibu. Wengine husema anajivuna. Kati ya mabinti wa namna hiyo wapo ambao ukimya wao una maelezo mengine: wana usonji, na hakuna aliyewahi kuwaambia wala kuwaambia wazazi wao.

Makala haya yanawalenga waamini wa Kiseke na maeneo jirani ya Manispaa ya Ilemela: mapadre, makatekista, walezi wa vijana, akina mama wa WAWATA, viongozi wa jumuiya na wazazi. Tunaeleza usonji ni nini, kwa nini kwa wasichana haugunduliki mapema, Kanisa linatufundisha nini, na namna parokia inavyoweza kuanzisha kundi dogo la urafiki kwa mabinti wa umri wa kati ya miaka 12 na 18. Kundi hilo halihitaji jengo jipya wala fedha nyingi. Linahitaji watu wachache waaminifu na mpangilio usioyumba.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, inayoanza mapema katika maisha na kudumu na mtu siku zote. Hauambukizi. Hausababishwi na malezi mabaya, chanjo, laana wala uchawi. Mwenye usonji huwasiliana na kuhusiana na wenzake kwa namna yake. Hupenda mambo yafuate utaratibu anaoufahamu. Huweza kuzama kwa furaha kubwa katika jambo moja analolipenda. Mara nyingi pia hisi zake hupokea mambo tofauti na wengine. Sauti, mwanga, harufu au mguso ambao mwingine hautambui huweza kumuumiza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hali hii haifanani kwa watu wote. Wapo wasiozungumza kabisa na wanaohitaji msaada wa karibu kila siku; wapo wanaofaulu vizuri darasani na wanaoweza kukueleza historia ya meli zote za Ziwa Viktoria bila kupumzika. Wote hao ni wenye usonji.

Kwa nini mabinti hawaonekani?

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto kumi na mmoja ambao aliona wana hali ya pekee. Wanane walikuwa wavulana na watatu wasichana. Tangu hapo taswira iliyojengeka vichwani mwa wengi ni ya mvulana, na kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kwa kila msichana mmoja mwenye usonji wapo wavulana wanne. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017, uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba uwiano ulio karibu na ukweli ni wavulana watatu kwa msichana mmoja, na kwamba wapo wasichana wenye usonji wanaokosa kutambuliwa.

Sababu mojawapo ni kwamba wasichana wengi hujifunza kujificha. Mwaka huohuo wa 2017 watafiti wa London, wakiongozwa na Laura Hull, walichapisha maelezo ya watu wazima wenye usonji juu ya jitihada hiyo: kuiga jinsi wengine wanavyocheka, kukariri maneno ya kuanzia mazungumzo, kuzuia mikono isichezecheze, kujilazimisha kumtazama mtu usoni. Walifanya hivyo ili wakubalike na wapate marafiki. Gharama yake ilikuwa uchovu mkubwa, wasiwasi, na hisia kwamba yule anayependwa na wenzao si wao wenyewe.

Hapa kwetu ipo sababu ya ziada. Vitabu vya kigeni hutaja kutomtazama mtu machoni kuwa dalili mojawapo. Lakini binti wa Kisukuma aliyelelewa vizuri hupiga goti na kuinamisha macho anapomsalimu mkubwa. Kumkodolea macho ni utovu wa adabu. Hivyo dalili ambayo kwingine ingemshtua mwalimu, kwetu huhesabiwa kuwa heshima. Vivyo hivyo msichana anayefanya kazi zake za nyumbani kwa mpangilio uleule kila siku husifiwa kuwa mchapakazi, wala hakuna anayejiuliza kwa nini analia mpangilio huo unapobadilishwa. Yule anayeshindwa kutoa shikamoo mbele ya wageni wengi naye huonywa kwa ukali, ilhali maneno yamemkauka mdomoni.

Kwa nini umri huu?

Utotoni michezo ina kanuni zinazoeleweka: kuruka kamba, rede, kujificha na kutafutana. Afikapo miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, urafiki wa wasichana hugeuka kuwa maneno: siri, mafumbo, utani, kujua nani amemnunia nani. Binti mwenye usonji huachwa nyuma ghafla na hajui amekosa nini. Wakati huohuo mwili wake unabadilika. Kuvunja ungo huja na maumivu, harufu, na taulo za kike ambazo ngozi yake huenda isizivumilie. Shule ya sekondari nayo ina walimu wengi, kengele nyingi na safari ya daladala iliyojaa watu.

Lipo pia jambo zito zaidi. Binti asiye na marafiki, anayechukua maneno ya watu kama yalivyo, na aliyezoezwa kutii kila mkubwa, ni rahisi kudanganywa. Anayemwambia kwamba yeye ndiye rafiki yake wa pekee anaweza kumdhuru kwa muda mrefu kabla mtu hajajua. Kundi lenye watu wema ni mojawapo ya kinga za kweli dhidi ya hatari hiyo, kwa sababu binti anayeujua urafiki wa kweli ana cha kulinganisha nao urafiki wa uongo.

Kanisa linatufundisha nini?

Katika Injili ya Marko, sura ya saba, watu walimletea Yesu kiziwi mwenye utasi. Kabla ya kumgusa, Bwana alimtenga na umati, akawa naye faraghani. Tunaona hapo mwalimu anayejua kwamba si kila mtu aweza kupokewa katikati ya kelele. Kumpeleka mtu mahali tulivu kwa ajili yake ni upendo, na Bwana mwenyewe alitutangulia katika kufanya hivyo.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inamwagiza paroko ahakikishe kwamba katekesi inawafikia pia wenye ulemavu wa mwili au wa akili, kwa kadiri hali yao inavyoruhusu. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa Roma mwaka 2020 unawatazama watu hawa kuwa washiriki hai wa maisha ya Kanisa, na unakumbusha kwamba wasinyimwe sakramenti kwa sababu ya ulemavu. Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizisifu familia zinazompokea kwa upendo mtoto mwenye ulemavu. Kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 2014, alikutana mjini Vatikano na watu wenye usonji pamoja na familia zao, akahimiza kuvunja upweke na unyanyapaa unaowaelemea.

Ni vema pia tuseme wazi juu ya mapepo. Kupunga pepo rasmi hakufanywi na mtu yeyote bila ruhusa ya Askofu, kadiri ya kanuni ya 1172, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inadai kwanza kutofautisha jambo hilo na ugonjwa, ambao ni kazi ya tiba. Binti anayeziba masikio na kupiga kelele kwaya inapoanza ameumizwa na sauti. Kumshika kwa nguvu na kumwombea kwa makelele mbele ya watu huongeza maumivu yaleyale.

Kwa nini kundi lao wenyewe?

Mtu anaweza kuuliza: mbona tuna Utoto Mtakatifu, TYCS na VIWAWA? Kuwatenga mabinti hawa si kuwabagua? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba kundi hili haliwaondoi katika vyama hivyo. Linawapa mahali pa kupumzika na kukutana na wanaofanana nao. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh walifanya jaribio linalofanana na mchezo wa kupokezana habari, wa kwanza akimweleza wa pili, wa pili akimweleza wa tatu. Watu wenye usonji walipopokezana wao kwa wao, habari ilifika sawasawa na ilivyofika kati ya wasio na usonji. Maana yake ni kwamba mwenye usonji anao uwezo wa kuelewana na wenzake. Kinachokwama mara nyingi ni daraja kati ya namna mbili za kuwasiliana, na kwa kawaida mzigo wa kulijenga huachiwa yeye peke yake.

Binti aliyepata rafiki mmoja wa kweli katika kundi dogo huenda kwenye kundi kubwa akiwa na ujasiri. Asiyempata, hata akiketi kati ya vijana mia moja, yu peke yake.

Hatua za kuanzisha kundi

Kwanza, walezi. Tunashauri walezi watatu au wanne, wanawake wanaofahamika na kuheshimika parokiani: mama wa WAWATA, katekista, mwalimu, sista. Mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, ni hazina ikiwa yupo. Mwanamke mwenye usonji aliye mtu mzima, akipatikana, asikilizwe kuliko wote. Walezi wakubali kukaa angalau mwaka mzima. Kubadilisha sura kila mwezi ni kubomoa kilichojengwa.

Pili, kuwapata mabinti. Lisitolewe tangazo la kutaja majina baada ya Misa. Viongozi wa jumuiya wazungumze na wazazi nyumbani, kwa faragha na kwa heshima. Asiwepo wa kudai cheti cha daktari. Familia inayotaka uchunguzi ielekezwe kwenye huduma ya afya ya akili au ya watoto katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, lakini binti apokelewe hata kama uchunguzi haujafanyika. Naye mwenyewe aulizwe kama anataka kuja. Jibu la hapana liheshimiwe.

Tatu, mahali na saa. Chumba kidogo cha parokia kinafaa kuliko ukumbi. Kiwe mbali na spika, mashine ya kusaga na barabara ya bodaboda. Kama paa ni la bati bila dari, mvua ikianza kelele yake huwa haivumiliki. Chumba cha akiba kijulikane mapema. Epukeni saa ambazo kwaya inafanya mazoezi ya kinanda. Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya sala za jumuiya na kazi za nyumbani, hufaa kwa familia nyingi. Saa moja na nusu inatosha. Siku na saa zisibadilike.

Nne, idadi. Mabinti watano hadi wanane wanatosha. Wakizidi, anzisheni kundi la pili.

Tano, utaratibu unaoonekana. Ratiba ichorwe ukutani kwa picha na maneno machache: kufika, sala fupi, kazi ya mikono, chai, mazungumzo ya hiari, kuaga. Lipo badiliko? Wazazi waelezwe siku chache kabla. Kabla ya siku ya kwanza, binti aletwe kukitazama chumba kikiwa kitupu na kumfahamu mlezi mmoja kwa jina.

Sita, kazi ya mikono kwanza, maneno baadaye. Mabinti wengi wenye usonji huzungumza vizuri wakiwa wameketi bega kwa bega na mikono ina shughuli. Kutunga shanga za rozari, kusuka mikeka, kushona, kuchora, kupika vitumbua, kupanda mboga: kazi hizi huleta urafiki bila kulazimisha mtu kutazamwa usoni. Kila binti apewe pia nafasi ya kuwafundisha wenzake kile anachokipenda, kiwe ndege wa ziwani, magari, nyimbo au maisha ya watakatifu. Kinachoitwa ukaidi nyumbani, pale kitaitwa elimu.

Saba, salamu. Anayependa kushikana mikono ashike. Anayependa kupunga mkono apunge. Anayetosheka kuinamisha kichwa aachwe. Atakayekuja na kukaa kimya miezi mitatu amehudhuria kikamilifu. Asisemeshwe kwa mzaha wala kusifiwa hadharani siku atakapozungumza.

Nane, anapozidiwa. Binti akianza kulia, kuziba masikio, kujitikisa au kunyamaza ghafla, mlezi mmoja ampunguzie maneno na kelele, amwonyeshe kona tulivu yenye mkeka, maji na kitambaa cha kujifunika, na abaki karibu bila kumgusa mpaka atulie. Wengine waendelee na kazi. Baadaye asidaiwe maelezo wala kuombwa aombe msamaha.

Tisa, makuzi. Walezi wazungumze kwa maneno ya wazi, bila mafumbo, juu ya hedhi, usafi, mwili, na nani anaruhusiwa kugusa nini. Tafsida zetu za Kiswahili ni nzuri, lakini kwa binti anayechukua neno kama lilivyo zinaweza kumwacha gizani. Wazazi waelezwe mapema nini kitafundishwa.

Kumi, kushiriki Misa. Kundi liende pamoja kukaa sehemu iliyo mbali na spika, karibu na mlango. Kwa makubaliano na Paroko, amani itolewe kwa kuinamisha kichwa. Anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza na anayeogopa ladha asiyoizoea apewe kuonja hostia isiyowekwa wakfu siku za mazoezi. Anayejiandaa kwa Kipaimara aelezwe kwa picha kila tendo la Askofu, hasa kwamba ataguswa kichwani na kupakwa mafuta yenye harufu.

Usalama wa mabinti

Kuna funzo la uchungu ambalo Kanisa zima limelipata. Harakati ya Imani na Nuru ilizaliwa katika hija ya Pasaka ya mwaka 1971 huko Lourdes, iliyokusanya watu wapatao 12,000, wenye ulemavu na familia zao pamoja. Imefariji familia nyingi duniani. Hata hivyo mmoja wa waanzilishi wake wawili, Jean Vanier, aliyeheshimiwa kama mtakatifu alipokuwa hai, alikuja kujulikana baada ya kifo chake kwamba aliwadhulumu kingono wanawake waliomtafuta kwa msaada wa kiroho. Taarifa zilizotolewa mwaka 2020 na 2023 ziliombwa na jumuiya ya L'Arche aliyoianzisha yeye mwenyewe. Sifa njema ya mtu haitoshi kuwa ulinzi wa mabinti wetu.

Kwa hiyo kanuni ziwe chache na zisivunjwe kwa ajili ya mtu yeyote. Walezi wasipungue wawili wakati wowote. Asiwepo mtu mzima anayebaki na binti peke yake mahali pasipoonekana, awe mlezi, katekista au padre. Safari za kuja na kurudi zipangwe na mzazi. Bodaboda wa kubahatisha asitumike. Picha zisipigwe wala kusambazwa kwenye simu. Mzazi aruhusiwe kuingia saa yoyote. Binti akieleza kwamba amedhurika, asihojiwe kama mtuhumiwa. Aaminiwe, na taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure. Jambo la namna hiyo halimalizwi kwa kikao cha familia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinawalinda mabinti hawa, na Kanisa haliko juu ya sheria hizo.

Nani abebe mzigo?

Mama wa binti mwenye usonji mara nyingi amechoka kuliko anavyosema. Pengine ameambiwa kwamba alimdekeza mwanawe, au kwamba ukoo wake una kasoro. Mabinti wanapokutana, akina mama nao wapewe benchi na kikombe cha chai kivulini. Mazungumzo yao hayahitaji mwezeshaji. Akina baba waitwe pia, wala wasiachiwe kisingizio cha kazi.

Mfano wa karibu tunauona Nyahururu, Kenya, ambako shirika la Kikatoliki la Mtakatifu Martini limejenga huduma zake, ikiwamo ile ya watu wenye ulemavu, juu ya wanajamii wa kujitolea waliofundishwa palepale wanapoishi. Jumuiya zetu tayari zimejengwa hivyo. Zinajua nani ana mgonjwa, nani amefiwa, nani hakuonekana Jumapili. Zinaweza pia kujua ni binti gani hutoka haraka ibada inapoisha, na kwa nini.

Baada ya mwaka mmoja, walezi wasipime kazi yao kwa kuangalia kama mabinti wamezidi kufanana na wenzao. Wajiulize maswali matatu tu: Je, anakuja kwa hiari yake? Je, yupo mwenzake anayeuliza habari zake asipokuja? Je, akipatwa na jambo baya, anaye wa kumwambia? Mahali ambapo majibu ni ndiyo, kundi limeanza kuwa Kanisa. Mahali ambapo bado, Paroko, Halmashauri ya Walei na walezi waketi pamoja na mabinti wenyewe, wawaulize nini kibadilishwe, kisha wakibadilishe.